Re: Wiki 3 baada ya sindano za kipandauso, kichwa bado. Niache?

Sasa dadangu, pole sana. Umesema ulidungwa Botox, ile dawa ya kulegeza misuli, wiki 3 zilizopita, kichwa bado kinagonga, shingo imekaza na unashangaa kama pesa imeenda bure. Usiache bado. Mimi raundi ya kwanza sikuona kitu, nilitoka kliniki huko Upper Hill nikapanda matatu nikidhani nitaamka mtu mpya, wapi! Ya pili ndio siku za kujifungia gizani zikaanza kupungua, na daktari alikuwa ameniambia mapema nisihukumu kabla ya raundi 2 au 3, na kila moja ni baada ya wiki 12.

Cha kuangalia kwanza ni tembe za maumivu. Unameza siku ngapi kwa mwezi? Mimi nilikuwa nameza karibu kila siku na kumbe zikifika siku 15 hivi zenyewe ndio zinaleta kichwa, sindano itafanya nini hapo? Andika kwa daftari, usikadirie.

Halafu uliza walikuwekea yuniti ngapi. Kawaida ni 155, sehemu 31, kuanzia paji la uso mpaka kisogo, shingo na mabega. Binamu yangu alidungwa paji pekee kama mtu wa kuondoa makunyanzi, akalipa bei yote, mpaka leo naudhika kwa niaba yake.

Shingo kukaza hata mimi ilinipata, ikaisha polepole. Lakini ukianza kushindwa kumeza au kupumua vizuri usingoje majibu yetu hapa, kimbia hospitali, mimi si daktari.