Maneno ya Mtandao Ambayo Msimamizi wa CCTV Hawezi Kuyakwepa

Kamera ikigoma kuonyesha picha, wa kwanza kulaumiwa ni kamera. Mara nyingi kosa liko kwenye mtandao, na msimamizi asiyeyajua maneno yake atamlipa fundi kwa kazi ya dakika tano.

Anza na anwani ya IP, namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. Kila kamera, rekoda na kompyuta lazima iwe na yake peke yake. Kamera nyingi za Hikvision hutoka kiwandani na 192.168.1.64, za Dahua na 192.168.1.108. Ukichomeka nne mpya kwa mkupuo, huenda zote zikagombania anwani moja: picha inakuja, inapotea, inarudi. Chomeka moja, ibadilishie anwani, ndipo uchomeke ya pili. Ukihisi mgongano, chomoa waya wa kamera kisha upige ping anwani yake, yaani uitumie ujumbe mfupi wa kompyuta kuona kama kuna kinachojibu. Ikijibu, kuna kifaa kingine kimeikalia.

Sabneti maski ni namba inayoonyesha anwani zipi ziko kwenye mtandao mmoja. Ya 255.255.255.0 maana yake namba tatu za mwanzo lazima zifanane. Kompyuta yenye 192.168.0.20 haitaifungua kamera ya 192.168.1.64 hata zikiwa kwenye swichi moja, kile kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao. Ipe kompyuta 192.168.1.200 kwa muda, uingie, umalize kazi.

DHCP ni ruta kugawa anwani yenyewe. Kwa simu za wageni ni sawa, kwa kamera ni balaa: umeme ukikatika na kurudi, kamera inaweza kupewa anwani nyingine huku rekoda ikiitafuta kwenye ile ya zamani. Zipe kamera anwani za kudumu, nje ya zile zinazogawiwa. Kwa namba ya mwisho, ruta igawe .100 hadi .199, kamera zikae .11 hadi .60. Ziandike kwenye daftari pamoja na MAC, ile namba ya tarakimu na herufi 12 iliyobandikwa kwenye kamera.

Getiwei ni anwani ya ruta upande wa ndani. Ikikosewa, kamera itaonekana ofisini lakini haitatoka nje, wala haitapata saa kwenye seva ya NTP ya intaneti, ile inayogawa saa sahihi. Saa ikiachana na ukweli kwa dakika 40, kutafuta tukio la wizi kunakuwa kupapasa gizani. Weka UTC+3 ukiwa Afrika Mashariki, na kamera zote zichukue saa kwenye rekoda.

Sasa PoE, yaani umeme unaopita kwenye waya wa mtandao. Kiwango cha 802.3af hutoa wati 15.4 kwa poti (tundu la waya), lakini hiyo haina maana kwamba swichi inaweza kuzitoa kwenye poti zote kwa pamoja. Chukua swichi ya poti 8 yenye jumla ya wati 60. Kamera 8 zinazokula wati 6 mchana ni 48, hakuna shida. Giza likiingia taa za infraredi zinawaka, kila moja inakula 9, jumla 72. Swichi inazima kamera mojawapo, na asubuhi ukienda kukagua unakuta zote nzima! Waya nao usizidi mita 100, na uwe wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni rahisi dukani lakini unapoteza umeme njiani.

Bitireti, kiasi cha data ambacho kamera hutuma kila sekunde, huamua mengine yote. Kamera ya Mbps 4 (megabiti kwa sekunde) hujaza takriban GB 43 kwa siku. Kamera 16 ni Mbps 64 na karibu GB 690 kwa siku, kwa hiyo siku 30 zinataka zaidi ya TB 20. Poti ya Mbps 100 kati ya swichi na rekoda itazibeba kwa shida mara watu wanapoanza kutazama. Weka ya gigabiti.

Kutazama kutoka nje ndiko kunakosumbua zaidi. Angalia anwani ya WAN kwenye ruta, ile ya upande wa intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT, yaani kampuni ya intaneti inawachanganya wateja wengi kwenye anwani moja ya umma. Ni hali ya kawaida kwa intaneti ya laini za simu, na kufungua poti za ruta (hapa ni milango yenye namba ya kupitishia data, si matundu ya waya) hakutasaidia kitu. Hata ukiwa na anwani ya umma, usifungue poti 80, 554 wala 8000 kwa dunia nzima: programu hasidi ya Mirai mwaka 2016 iliteka kamera na rekoda nyingi kwa nywila za kiwandani tu. Tumia VPN, njia iliyofungwa kwa usimbaji kupitia intaneti; ukiwa nyuma ya CGNAT, seva yake iwe mahali penye anwani ya umma na ruta yako ndiyo ipige kwenda huko.