Mdogo wangu, usisubiri utundike daluga ndo uanze kujifunza kazi nyingine

Wadogo zangu mnaocheza, hasa nyie mliokaa timu moja mpaka mtaa mzima unawaita kwa jina la timu, leo naomba tumwangalie Gary Neville. Yule aliyekuwa namba mbili, yaani beki wa kulia, wa Man United. Aliingia timu ya wakubwa 1992 akatoka 2011, hajachezea klabu nyingine, mechi 602, ubingwa wa ligi mara 8, England kaichezea mara 85. Mechi ya mwisho ilikuwa na West Brom tarehe 1 Januari 2011, mwezi wa pili akatangaza kustaafu, na msimu uliofuata tayari yuko Sky, televisheni ya Uingereza, anachambua mechi.

Vijiweni wanasema kazi ile ya uchambuzi kapewa kwa sababu ya jina tu. Mi sikubali. Majina makubwa kwenye uchambuzi yapo kibao na hayasikilizwi, mtu anaongea kipindi kizima "wamekosa umakini, wamekosa umakini" basi. Neville anasimamisha picha anakuonyesha beki alikuwa anaangalia wapi, kachelewa hatua ngapi, na kumbe kosa limeanzia kwa kiungo huku nyie mnamtukana kipa. Hiyo huwezi kuiongea kama hujakaa chini ukajiandaa.

Sasa njoo Valencia, klabu ya Hispania. Desemba 2015 akapewa timu aifundishe, hajawahi kuwa kocha mkuu popote, alikuwa msaidizi kwenye benchi la kocha Roy Hodgson timu ya taifa ya England tu, Kihispania ndo anaanza kujifunza, na msimu uko katikati. Akapigwa 7-0 na Barcelona nusu fainali ya Kombe la Mfalme, kwenye ligi kashinda 3 kati ya 16, tarehe 30 Machi 2016 wakamwondoa. Iliniuma kwelikweli kwa sababu namkubali sana, na akarudi kwenye uchambuzi na bado ni moto. Ila mnaona? Kuujua mpira ni kitu kimoja, kumfanya mwenzako aujue ni kazi nyingine kabisa na ina shule yake.

Mi nimecheza beki ya kulia madaraja ya chini hapahapa Dar, na nilianza kufundisha watoto Temeke nikiwa bado nacheza, nikitoka mazoezini naenda kwao. Siku moja dogo mmoja namba mbili kaniuliza, kocha kwa nini unaniambia niingie ndani wakati winga wao yuko kule pembeni? Kitu nilichokifanya maisha yangu yote bila kufikiria! Ikabidi niokote vizibo vya soda nivipange kwenye vumbi, hiki mpira, hiki wewe, hiki straika wao, alafu nikamwambia sogeza mwenyewe uone ukibaki pembeni pengo linatokea wapi. Akasogeza, akacheka, jioni ileile akaingia ndani bila kuitwa.

Hao watoto ndo wamenifundisha kuongea mpira. Kwahiyo ushauri wangu, ukiwa bado una miguu omba timu ya vijana hapo klabuni kwako hata usipolipwa, rudia kuangalia mechi zako kama zilirekodiwa, na nenda chama cha soka cha wilaya yako, iwe TEFA ya Temeke, KIFA ya Kinondoni au IDFA ya Ilala, ukaulize kozi ya awali ya ukocha ni lini, ukishapita hapo unaifukuzia leseni D ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka Afrika. Na uende mwenyewe, usimtume mtu, kwa sababu nafasi zikitoka zinajaa haraka.