Trimu ya umeme ikikusumbua angani, usikimbilie kuipunguza kasi tu

Mara ya kwanza nilipogusa kitufe cha trimu, ule mfumo unaoishikilia pua ya ndege mahali pake bila rubani kuibana fimbo, nikiwa kwenye mwendo wa safari, pua ya ndege ilizama kana kwamba mtu ameuinua mkia ghafla. Nilikuwa nimekigusa tu, kidole gumba kimeenda na kurudi. Nikagusa upande wa pili ili kurekebisha, pua ikainuka kupita kiasi. Tukaendelea hivyo, mimi na ndege yangu, tukipanda na kushuka kama ngalawa kwenye mawimbi, mpaka nikakiacha kitufe na kuishikilia fimbo kwa mkono hadi nilipotua. Bega liliniuma siku mbili.

Ndege hii niliijenga mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na fundi wa kumgombeza. Ardhini kila kitu kilikuwa sawa. Nilipima kwa saa: kijibao cha trimu kilichofungwa nyuma ya eleveta, bawa la mkiani linaloinua na kushusha pua, kilitoka mwisho wa juu hadi mwisho wa chini kwa sekunde 14. Nikaona hiyo ni kasi ya kistaarabu. Nilichosahau ni kwamba ndani ya banda hakuna upepo.

Nguvu ya hewa juu ya kijibao hukua kwa mraba wa mwendo. Ndege ikienda kilomita 300 kwa saa badala ya 100, mwendo umekuwa mara 3 lakini nguvu ya kijibao kilekile, kwa pembe ileile, imekuwa mara 9. Mota haijaongeza kasi hata kidogo. Inazunguka vilevile, ila kila nyuzi moja ya pembe sasa ina uzito mara tisa. Na kidole cha binadamu kina mpaka wake: mguso mfupi kabisa ninaoweza kuutoa, nikiwa natikiswa na hewa, ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Kwa mota ya sekunde 14, mguso huo mmoja tayari umekula zaidi ya asilimia moja ya safari yote ya kijibao. Wakati wa kutua hutauhisi. Kwenye mwendo wa safari utamwaga kahawa.

Nikafanya kile ambacho karibu kila mjenzi hukifanya kwanza: nikatia rezista, kipande kinachobana umeme, kwenye waya wa mota. Usifanye hivyo. Rezista haipunguzi volti kwa kiasi kimoja. Inapunguza kulingana na umeme unaopita. Mota ikibeba mzigo mkubwa huvuta umeme mwingi zaidi, rezista nayo inakula volti nyingi zaidi, na mota inabaki na volti chache pale hasa inapohitaji nguvu. Hewa hupenda kukirudisha kijibao katikati, kwa hiyo mota hupata taabu inapokisukuma mbali na katikati na hupata msaada inapokirudisha. Mimi nilipata trimu yenye kasi mbili tofauti, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi. Asubuhi moja ya baridi, grisi ikiwa imeganda ndani ya giaboksi, haikusogea kabisa hadi nilipoigonga eleveta kwa kiganja.

Nilipoitoa rezista niliweka LM317, kidhibiti volti cha miguu mitatu ambacho mafundi wa redio wanakijua kama jina la jirani. Hiki hushikilia volti uliyoichagua bila kujali mota inavuta umeme kiasi gani, mradi usizidishe ampea 1.5 na ukiachie volti 2 au 3 za ziada upande wa kuingilia. Hesabu yake ni fupi: volti zinazotoka ni 1.25 mara jumla ya 1 na R2 gawanya kwa R1, ambazo ni rezista mbili unazokifungia. Kwa R1 ya omu 240 na R2 ya omu 1,000 nilipata karibu volti 6.5. Tofauti kati ya volti 14 za oltaneta na hizo 6.5 inageuka joto, kwa hiyo kifunge kwenye bati la kupoozea. Mota yangu huvuta sehemu ya tano ya ampea hivi, maana yake ni wati 1.5. Si moto wa kuchoma mtu, lakini kikiachwa uchi ndani ya kiboksi cha plastiki kitajichokea.

Hapa wengi hukosea mahali pa kukiweka. Mota ya trimu hugeuzwa mwelekeo kwa kubadilisha chanya na hasi, na LM317 inapitisha umeme upande mmoja tu. Ukiiweka kati ya rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme ambazo hufanya ugeuzaji huo, na mota, upande mmoja utafanya kazi na mwingine utakushangaza. Iweke kabla ya rilei za kugeuzia, pale ambapo chanya ni chanya siku zote. Hata dayodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ya kuzuia mshituko wa umeme iweke hapohapo. Niliwahi kuifunga dayodi moja kwa moja kwenye nyaya za mota. Upande wa kwanza haukuwa na neno, upande wa pili fyuzi ikalia. Nilistahili.

Kuna njia ya pili, ya kuukata umeme vipande vidogo mara nyingi kwa sekunde, ambayo watu wa elektroniki huiita PWM. Chipu ya 555, inayotoa mipigo, na mosfeti moja, swichi ya elektroniki, zinatosha. Uzuri wake ni kwamba kila kipande kinabeba volti zote, kwa hiyo mota hupata teke la kuanzia hata ikiwa inaenda taratibu. Mipigo ya polepole, kama 100 kwa sekunde, hutoa teke zuri lakini utaisikia mota ikinguruma, na pengine uisikie hadi kwenye hedifoni. Mipigo ya maelfu haingurumi, lakini inaweza kuchafua redio, na sindano ya kuonyesha trimu inaweza kuanza kutetemeka kama ina homa. Ukichagua njia hii, sokota nyaya mbili za mota pamoja, zipitishe mbali na waya wa maikrofoni na wa antena, na usizifunge kwenye fungu moja na nyaya za kihisio, kile kinachoiambia sindano kijibao kiko wapi, bila kinga. Kwenye mota za Ray Allen, ambazo wajenzi wengi wa Van's RV, ndege za kujijengea, wanazo, nyaya mbili nyeupe ni za mota, na ile ya rangi ya chungwa, ya kijani na ya buluu ni za kihisio. Mimi nilijaribu zote mbili nikabaki na LM317. Ni bubu, haina cha kurekebisha, na redio yangu inapenda ukimya.

Sasa kosa langu kubwa, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Nilifurahia volti zangu 6.5. Safari ya kijibao kutoka mwisho hadi mwisho ikawa sekunde 42, na kwenye mwendo wa safari ilikuwa raha tupu: mguso mmoja, pua inasogea kwa upana wa unywele. Kisha siku moja nikaja kutua. Flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vya kurukia polepole, zote chini, trimu imeinuliwa kwa ajili ya mwendo mdogo, na mbele yangu kuna ndege nyingine iliyochelewa kutoka kwenye njia. Nikaghairi kutua na kusukuma throto, mkono wa nguvu za injini, hadi mwisho. Pua ikapanda kwa nguvu, kama inavyotakiwa kupanda ukiwa na trimu hiyo na injini hiyo. Nikasukuma fimbo mbele kwa mkono wa kulia huku gumba likibonyeza trimu ya kushusha pua, na trimu ikaanza safari yake ya kistaarabu. Nilihitaji kama theluthi ya njia yote ya kijibao. Theluthi ya sekunde 42 ni sekunde 14. Jaribu kuhesabu hadi 14 huku mkono mmoja ukiizuia ndege isisimamie mkia na mwingine ukitafuta flapu. Hakuna kilichovunjika, ila nilitua nikiwa nimelowa jasho.

Kwa hiyo jibu la swali "trimu iende kwa kasi gani?" ni kwamba hakuna kasi moja. Unahitaji mbili. Ndege kubwa zimelijua hili zamani: kwenye Boeing 737, trimu kuu ya umeme inayoendeshwa na rubani huenda haraka zaidi flapu zikiwa zimetolewa kuliko zikiwa zimefungwa. Sisi wenye mabanda tunaweza kuiga kwa swichi ndogo ya kubonyezwa na mkono wa flapu na rilei moja. Flapu zikiwa juu, umeme unapita kwenye LM317. Zikishuka hata hatua ya kwanza, rilei inaiondoa LM317 njiani na mota inapata volti zote. Wengine hutumia swichi ya mwendo hewani inayosikiliza mrija wa pito, ule unaopima mwendo wa ndege hewani. Ni nzuri zaidi kwa hesabu, lakini inakuongezea mirija ya kuvuja. Mimi nina flapu tayari, na kwenye ndege yangu flapu zikiwa chini maana yake ni mwendo mdogo.

Fikiria pia mfumo utakufa vipi. Waya wa swichi ya flapu ukikatika, rilei yangu inalala na trimu inabaki polepole. Nilichagua hivyo makusudi. Trimu ya polepole wakati wa kutua ni jasho, na jasho nimeshalizoea; trimu ya haraka usiyoitarajia kwenye kilomita 300 kwa saa ni jambo jingine. Na kitufe kikinasa au vituo vya ndani ya rilei vikigandana, trimu itakimbia yenyewe. Hapo kasi ndogo inakupa muda wa kugundua na kukata. Lakini lazima kuwe na cha kukata: swichi au kikata umeme cha trimu peke yake, mahali ambapo mkono usioshika fimbo unafika bila macho. Changu kilikuwa chini karibu na goti la kulia mpaka nilipojaribu kukifikia nikiwa nimefunga mikanda.

Jambo dogo ambalo halisemwi sana: angalia kinachotokea unapoachia kitufe. Ukitumia swichi ya kawaida yenye nafasi ya katikati, nyaya za mota zinabaki hewani na mota inateleza kidogo kabla ya kusimama. Ukitumia rilei mbili ambazo zikilala zote huunganisha nyaya za mota na hasi, mota inajifunga breki yenyewe. Kwa miguso mifupi tofauti hiyo ilinisaidia karibu sawa na kupunguza volti. Laiti ningeanza hapo.

Kabla ya kuruka, pima kwa mzigo. Nilining'iniza chupa ya maji ya nusu lita kwenye ukingo wa kijibao, eleveta ikiwa imefungwa isisogee, nikapima muda wa kupanda na wa kushuka, kwanza kwa betri iliyochoka na kisha injini ikiwa inachaji, mtu wa pili akiwa kwenye usukani na mimi mbali na panga za propela. Kama mota inasita kwenye betri iliyochoka, ongeza volti kidogo. Angani nilipanda juu vya kutosha, nikaweka mwendo wa safari, nikabonyeza kitufe sekunde 3 kamili na kuona kama naweza kuishika ndege kwa mkono mmoja. Niliweza. Nikarudisha, nikajaribu upande wa pili. Kisha nikabonyeza tena, nikapunguza throto na kusikia mzigo wa fimbo ukiyeyuka kadiri mwendo ulivyoshuka, kwa sababu ule mraba wa mwendo hufanya kazi na kwa kurudi pia. Mwisho, bado nikiwa juu, nikaigiza kughairi kutua mara nne mfululizo, flapu chini, throto yote. Kwa kasi ya haraka ile theluthi ilichukua chini ya sekunde 5.

Namba zote nne, kupanda na kushuka, haraka na polepole, nimeziandika kwa kalamu ya wino ndani ya mfuniko wa kiboksi cha rilei. Kila ninapotia grisi napima tena kwa saa. Mwaka jana ile 42 ilikuwa imefika 49, nikafungua nikakuta bawaba ya kijibao imeanza kushika kutu.