Keki ya mchongoko: nilivyoipika na kuipamba Dodoma

Mwanangu alipotimiza miaka mitatu nilimfanyia keki ya uso wa simba. Ilikuwa Oktoba, na Oktoba ya Dodoma mnaijua. Nilipika keki laini ya kawaida, nikaipaka krimu ya siagi, nikaiacha mezani tangu saa nne asubuhi. Wageni wanaingia saa tisa, manyoya ya simba yameshuka hadi kidevuni. Mjomba wake akauliza, "Huyu anaumwa nini?"

Alipokaribia miaka mitano akataka treni. Si treni yoyote, mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua iliyochongoka, kama aliyopanda na bibi yake kutoka Dar. Safari hii nilijipanga.

Keki ya kuchonga lazima iwe nzito. Mimi natumia unga nusu kilo, siagi gramu 400, sukari gramu 400 na mayai manane. Bekin pauda vijiko vidogo vitatu tu, usizidishe: huku tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na keki yenye pauda nyingi huumuka haraka halafu hubonyea katikati. Nagawa kwenye vyombo viwili vya boflo na kuoka kwa moto mdogo, nyuzi 160, saa moja na zaidi kidogo. Ukichomeka kijiti kitoke kikavu.

Oka siku mbili kabla. Ikipoa ifunge vizuri, ilale kwenye friji. Keki iliyolala inakatika kama sabuni, ila ya moto inakumwagikia makombo. Pua ya mchongoko niliichonga kwa kisu cha mkate, kidogo kidogo, picha ya treni ikiwa mbele yangu. Nilitumia karibu saa nzima kwenye pua peke yake na sijutii, kwa sababu mtoto anaitambua treni kwa pua. Magurudumu sikuweka kabisa. Hakuna aliyeuliza.

Sasa fondanti, lile donge la sukari linalosukumwa kama chapati ili kufunika keki. Wenzetu wa Pwani wanalalamika inatoa jasho. Hapa kwetu inakauka ukiwa bado unaisukuma, inapasuka kama kisigino kisichopakwa mafuta. Kanda na mafuta mgando ya kupikia kiasi cha kijiko cha chai, toa kipande unachotumia, kilichobaki kifunike kwa plastiki nyembamba. Funga madirisha pia. Upepo wa hapa unabeba vumbi, na vumbi jekundu juu ya fondanti nyeupe halifutiki. Ukishaipaka usiirudishe kwenye friji, maana ikitoka itatota na rangi zitachuruzika. Iache chumba chenye ubaridi, mbali na jiko.

Vioo vya madirisha nilikata kwenye chokoleti ya vipande. Fondanti nyeusi ya kujitengenezea siipendi: inakula rangi nyingi, inakuwa chungu, na watoto wote wanaondoka na meno meusi. Abiria walikuwa zabibu kavu, moja kila dirisha, zimebandikwa kwa tone la krimu. Vijiti vya meno usitumie kushikilia kitu chochote kwenye keki ya watoto. Mimi natumia mirija minene, tena naihesabu wakati wa kuweka na wakati wa kutoa.

Ubao nilikatiwa na fundi seremala, plaiwudi ya sentimita 60, nikaufunika kwa karatasi ya foili. Akaniuliza hiyo treni inakwenda wapi. Nkuhungu, nikamwambia, kwa bibi yake, na kwa bajaji. Ndiyo maana mabehewa mawili nilisafirisha kila moja na boksi lake, nikayaunga kwa krimu palepale ukumbini. Kama ningeyaunga nyumbani, yale matuta ya barabarani yangeniumbua.

Wakati wa kukata, mwenye sherehe akanishika mkono: abiria washuke kwanza. Basi watoto kumi na wawili wakapanga foleni kushusha zabibu, na kisu kikasubiri. Wewe ukifanya, weka za akiba mfukoni. Mimi zilipungua mbili, na mmoja aliyekosa akalia hadi akapewa pua.