Mzee aliacha kukohoa, tukashangilia, kumbe

Jana usiku dada mmoja wa Arua kaniandikia inboksi. Mama mkwe wake tangu apigwe na kiharusi kila akinywa chai anapaliwa, mara nyingine inatokea puani, wamempiga eksirei wakaambiwa yuko sawa, sasa afanyeje. Nimesoma mara tatu nikaweka simu chini. Hayo maneno "yuko sawa" nayajua vizuri sana.

Mzee wetu kaendesha trela Mombasa–Kampala zaidi ya miaka 30, mtu wa sauti kubwa, mtu wa kumaliza sahani ya posho (ugali) kabla wewe hujanawa. Kiharusi kilimkuta nyumbani Tororo. Mwezi wa kwanza maji yalikuwa yanampalia, tunampiga mgongoni, basi. Mwezi wa pili akaacha kukohoa, tukamshukuru Mungu, tukasema kapona. Ikaja nimonia, ikatibiwa, ikarudi, ikatibiwa, ya tatu wakaanza kutafuta TB kwenye makohozi wasiione. Anakonda tu, na akimaliza kula sauti inakuwa kama ya mtu mwenye maji kooni. Mimi ndo nilisema hii kitu inatoka kwenye chakula. Kaka yangu mkubwa akaniambia mbele za watu kwamba mimi nauza simu, sikusomea udaktari. Sawa.

Tukampeleka hospitali moja, sitaitaja, wakaandika eksirei ya bariamu, ile dawa inayoonekana kwenye picha. Mzee akanywa ule uji mweupe kama chokaa, wakaangalia unavyoshuka kwenye umio, ile njia ya chakula kifuani, mpaka tumboni, ripoti ikasema hakuna palipoziba. Na kweli hapakuziba! Shida ya mzee ilikuwa huku juu, mdomoni na kooni, na huko hakuna aliyeangalia.

Hakuna mtu alitufafanulia kwamba hizi eksirei za bariamu ziko mbili. Moja ni ya umio, inamfaa yule ambaye posho inamkwama kifuani, kisha baadaye hata uji unakwama (huyo msimcheleweshe jamani, apelekwe pia endoskopi, ile kamera ya kuingizwa kooni, kansa ya umio huku kwetu ipo). Ya pili ni video ya mtu akila, wanaiita vidiofluoroskopi. Anakaa kwenye kiti, mashine inampiga kwa ubavuni, anapewa kijiko cha kitu chepesi chenye bariamu, halafu kizito, halafu biskuti iliyopakwa hiyo bariamu, na mtaalamu wa kumeza yuko pale pale na mtu wa eksirei wanafuatilia kila funda. Mionzi yenyewe ni ya dakika chache tu.

Hiyo ya pili tuliipata Kampala, mambo ya taksi na foleni nayaruka. Nilisimama nyuma ya kioo. Funda la kwanza la maji, nikaona mstari mweusi umepinda ukashuka njia ya hewa, na mzee katulia anatutazama, hata kusafisha koo hasafishi. Koo lilikuwa limekufa ganzi! Ile kukohoa tuliyoshangilia kwamba imeisha, ndo mlinzi alikuwa amelala. Ripoti ikaandikwa 8, na mimi mjinga nikafurahi nikidhani ni 8 kwa 10, kumbe kipimo chao kinaanzia 1 ambayo ni mzima mpaka 8, yaani kitu kimepita chini ya nyuzi za sauti na mwili haujajaribu hata kukitoa.

Hapo hapo terapisti, yule mtaalamu wa kumeza, akamwambia inamisha kidevu kifuani, meza tena. Kile kizito kikapita vizuri, maji bado yakaingia. Ndo utamu wa hii picha, inajaribu tiba mbele ya macho yenu. Ila msije mkaiga kidevu cha mzee wangu, kuna wengine ikiinama ndo inazidi.

Kwahiyo dada yangu, uliza: hiyo mliyopiga ilikuwa ya umio au ya koo? Uliza tena, usione aibu. Uliza kama unaweza kubeba chakula kinachompalia, wakakichanganye na bariamu. Choo kikiwa cheupe usishtuke, bariamu haiingii kwenye damu, ila inafunga tumbo, waulize mapema mfanyeje. Na mswaki asubuhi na jioni hata kama hali kitu, uchafu wa mdomoni unashuka na mate mpaka kwenye mapafu. Na uliza ni ya umio au ya koo, narudia. Sisi watu bana, jeneza tunachanga kwa siku moja, eksirei tunaanza kuulizana risiti.

Mzee sasa unaenda mwezi wa saba hana nimonia. Anakula matoke ya kuponda na binyebwa (mchuzi wa karanga), kidevu chini kama anasali, na mjukuu wake wa miaka minne naye kaanza kumeza hivyo hivyo, tumeshindwa kumkataza. Na kaka, kama unasoma hapa, ile laki mbili ya safari ya Kampala bado naingoja.