Jibu: Jina la Nabhany limeenda wapi?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Umeuliza vipi babu yako wa Lamu ajulikane kwa Nabhany ilhali wajukuu karibu wote hawana jina hilo, na limetoka wapi.

Anza na hati za ndoa na mirathi kwa kadhi, usianze na kitambulisho. Kitambulisho mara nyingi hubeba jina lako, la baba na la babu, basi. La ukoo huachwa nje hata kama nyumbani hutajwa kila siku. Upande wa mamangu wako ndugu wa tumbo moja, mmoja kaandikwa jina la ukoo, mwingine la babu. Kwa hiyo usidhani ukoo umekwisha, makaratasi ndiyo yanauficha. Kwenye mirathi nasaba huandikwa ndefu zaidi. Tafuta pia Nabahani na Nabhani, na "al" mbele.

Asili yake ni Oman, ambako Wanabahani walitawala bara kwa karne kadhaa. Pate, kisiwa jirani na Lamu, nako watawala walikuwa wa jina hilo. Karne ya 19, waliposukumwa na watawala wa Zanzibar, Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, alihamia Witu, bara karibu na Lamu. Wajerumani wakaifanya himaya yao 1885, Waingereza wakaichukua 1890. Basi usiishie Pate, uliza na Witu.

Na tafadhali, waendee mashangazi kabla ya wajomba. Wao ndio wanaokumbuka nani aliozwa wapi, na hawangoji kuitwa mara mbili.