Roboti haijui kwamba umeachia kitufe

Juzi usiku dada mmoja anayesoma makala zangu aliniandikia: "Kaka, nikibonyeza W roboti inaenda vizuri. Nikiachia, haisimami mpaka igonge ukuta. Leo siku ya tatu sijalala." Niliusoma ujumbe ule mara mbili, nikaweka simu chini. Maana siku yangu ya kuaibika ilikuwa hivyohivyo.

Nilikuwa nawasilisha mradi wa mwisho wa chuo. Nilitumia Webots, programu ya kuigiza roboti iliyoanzia chuo cha EPFL kule Uswisi mwaka 1996, na tangu mwishoni mwa 2018 kila mtu anaitumia bure pamoja na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe. Niliipenda kwa sababu roboti halisi sikuwa na uwezo wa kuinunua. Nikachagua e-puck, kale karoboti kadogo ka magurudumu mawili, nikaandika kidhibiti, programu ya kuiendesha roboti, kwa lugha ya Python: W mbele, S nyuma, L kuwasha na kuzima taa.

Mbele ya projekta nikabonyeza W. Ikaenda. Nikaachia. Ikaendelea kwenda, ikajibana ukutani na magurudumu yanazunguka. Nikabonyeza L, taa ikamemetameta kama ya gari la wagonjwa. Mhadhiri mmoja akauliza, "Kijana, hiyo haina breki?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilipata alama za kupita tu, na kicheko kile bado nakisikia.

Wiki mbili zilizofuata sina haja ya kuzisimulia. Nilichokuja kuelewa ni hiki: Webots haikuletei habari kwamba kitufe kimeachiwa. Ukiita getKey, amri ya kusoma kibodi, inakujibu namba ya kitufe kilichobanwa wakati huo, na kama hakuna kitu inajibu -1. Basi. Na injini ya gurudumu ukishaipa mwendo kwa amri ya setVelocity, inaushika mwendo huo mpaka uibadilishie wewe. Mimi nilikuwa nasubiri taarifa ambayo haiji kamwe.

Taa nayo? Hatua yangu ya uigaji, ule muda wa kila mzunguko wa msimbo, ilikuwa milisekunde 32, yaani karibu mara 31 kwa sekunde. Kidole kikikaa juu ya L nusu sekunde, msimbo unakiona kitufe kilekile mara kumi na tano hivi, na kila mara unageuza taa.

Dawa ni kukumbuka. Kila hatua, kusanya vitufe vyote vilivyobanwa, kisha vilinganishe na vya hatua iliyopita:

sasa = set()
k = kibodi.getKey()
while k != -1:
    sasa.add(k & Keyboard.KEY)
    k = kibodi.getKey()
vimebonyezwa = sasa - zamani
vimeachiwa = zamani - sasa
zamani = sasa

Kabla ya kuingia kwenye mzunguko mkuu wa hatua, andika zamani = set(). Taa igeuze pale L inapoonekana ndani ya vimebonyezwa. Magurudumu yasimamishe pale W inapoonekana ndani ya vimeachiwa.

Angalia huo mzunguko wa while, dada yangu. Wengi wanaita getKey mara moja tu kwa kila hatua, halafu wanalalamika kwamba roboti haikati kona huku inakwenda. Webots inaweza kukupa vitufe hadi saba vilivyobanwa pamoja, ila lazima uendelee kuita mpaka ipatikane -1.

Na hiyo Keyboard.KEY, inayochuja namba ya kitufe chenyewe, usiifute kwa kuiona haina kazi. Iliniumiza mwezi mzima. Ukiwa umebana W kisha ukagusa Shift, namba ya W inaongezewa 65536. Ukilinganisha bila kuichuja, msimbo utadhani W imeachiwa na kitufe kigeni kimebonyezwa, na roboti itasimama katikati ya njia. Herufi nazo ziandike kubwa, ord('W'), siyo ndogo. Na bofya kwanza dirisha la picha ya 3D, maana ukiwa umebofya sehemu ya kuandikia msimbo, vitufe vinaishia huko.

Ninyi mnaotaka kutengeneza roboti, najua mna haraka ya kufika kwenye kamera na akili bandia. Acheni haraka. Kabla ya kugusa injini yoyote, chapisheni vimebonyezwa na vimeachiwa kwenye skrini, mbane vitufe viwili, muachie kimoja, mtazame. Fanyeni hivyo kila mradi, hata ule mnaodhani mnaujua. Mimi sijawahi kumwonyesha mtu roboti tena bila kufanya hivyo kwanza, na sijachekwa tena.

Dada alinijibu alfajiri, saa kumi na moja kasoro. Alituma video ya sekunde sita: e-puck inakwenda, kidole kinanyanyuka, inasimama nusu ya njia kabla ya ukuta.